Mhadhiri wa Betri Haajiriwi kwa Tangazo Peke Yake

Hapa Tanga betri zimeenea haraka kuliko elimu ya kuzitunza. Wavuvi wa dagaa waliokuwa wakitoka na karabai usiku wa giza siku hizi wanatoka na taa za LED, na wengi wao huziwasha kwa betri. Mafundi wa Ngamiani, waliozoea kuongeza maji na tindikali katika betri za malori, wanafungua pakiti za lithiamu zilizotoka kwenye kompyuta za mpakato na pikipiki za umeme, wanapima seli moja baada ya nyingine kwa multimita, wanatenga nzima na mbovu, kisha wanaunga pakiti mpya za kuuza. Zahanati za vijijini Mkinga na Pangani zinahifadhi umeme wa sola kwa ajili ya usiku. Watu wote hawa wana swali moja ambalo sijawahi kuona likijibiwa vizuri dukani: kwa nini betri niliyoambiwa itadumu miaka mitano imechoka katika mwaka wa pili?

Sehemu ya jibu inafahamika. Joto huharakisha uchakavu. Kwa betri za risasi na tindikali wahandisi hukadiria kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 hivi juu ya 25 za Selsiasi, umri wa betri hupungua kwa karibu nusu. Seli zisizolingana huuana ndani ya pakiti moja. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa chaji muda wote katika chumba chenye joto huchakaa hata kama haitumiki. Hata hivyo, kutoka kujua mambo haya kwa ujumla hadi kumwambia mvuvi wa Sahare au mganga wa zahanati anunue nini, aichaji vipi na aitarajie kwa muda gani, kuna kazi ya vipimo vya miaka mingi, na kazi hiyo inahitaji watu walioajiriwa kuifanya. Ndiyo maana nimeamua kuandika kuhusu ajira ya wahadhiri, jambo ambalo wengi hudhani linawahusu maofisa utumishi peke yao.

Nilifundisha ufundi umeme kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na sasa ninafunga mifumo ya sola katika mkoa huu. Kwa sababu hiyo, chuo kikuu kimoja, ambacho sitakitaja, kilinialika niwe mjumbe kutoka nje katika kamati ya kumtafuta mhadhiri wa uhandisi atakayeanzisha utafiti wa betri na uhifadhi wa nishati. Tulikaa, tukasoma maombi, tukajadiliana kwa heshima, na mwishoni nafasi ikabaki wazi. Taarifa iliyoandikwa ilisema kwamba waombaji wenye sifa hawakupatikana. Mimi sikukubaliana na maneno hayo wakati ule, na sikubaliani nayo leo. Waombaji wenye uwezo walikuwapo. Kilichokosekana ni chuo kujua kinamtafuta nani, aje afanye nini, na kwa vifaa gani.

Chukua tangazo lenyewe. Matangazo mengi ya vyuo vikuu vyetu vya umma humtaka mwombaji awe na GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika uzamili, na shahada zote ziwe katika fani inayotajwa. Ninaelewa chanzo cha masharti haya: yanalinda kiwango na yanazuia upendeleo, na nchi iliyoona upendeleo haiwezi kuyadharau. Lakini betri haina idara yake. Ndani ya seli moja kuna kemia ya elektroliti (kimiminika kinachopitisha chaji kati ya ncha mbili za seli), fizikia ya fuwele, sayansi ya metali katika vikusanyio vya mkondo vya shaba na alumini, uhandisi wa joto, na nje yake kuna saketi ya kusimamia chaji na programu yake. Tangazo linalodai shahada tatu mfululizo za uhandisi umeme linamfungia nje mtu yuleyule linayemwita.

Mfano ulio wazi kuliko wote ni John B. Goodenough, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 pamoja na M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata Yale, ilikuwa ya hisabati. Uzamivu wake wa Chicago ulikuwa wa fizikia. Mwaka 1976 alikwenda Oxford kuongoza maabara ya kemia isokaboni, na huko ndiko yeye na wenzake walikoonyesha mwaka 1980 kwamba oksidi ya kobalti na lithiamu inafaa kuwa kathodi, yaani upande chanya wa betri. Kisha akawa profesa wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Hisabati, fizikia, kemia, uhandisi: kwa masharti yetu, mtu huyu asingefika hata kwenye orodha ya wanaoitwa kwenye usaili.

Katika maombi tuliyosoma hakukuwa na Goodenough, lakini kulikuwa na kijana niliyemfundisha zamani. Alisoma kemia katika shahada ya kwanza, akaenda nje kwa uzamili na uzamivu, na utafiti wake ulikuwa juu ya betri za sodiamu. Nilijitoa kwenye mjadala wa jina lake, kama inavyopasa. Baadaye alinipigia simu. “Shikamoo mwalimu,” alisema, “wameniambia shahada yangu ya kwanza si ya uhandisi. Sasa mimi nirudi mwaka wa kwanza?” Nikamwitikia marahaba, nikamwambia, “Mwanangu, sina jibu.” Kwa sasa anafanya kazi katika maabara ya ugenini, na matokeo ya kazi yake yanainufaisha nchi ile, nasi tutayasoma kwenye majarida kama kila mtu mwingine. Jambo hili linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Lipo jambo la pili kuhusu Goodenough, nalo ni umri. Aliondoka Oxford mwaka 1986 kwa sababu kanuni za huko zingemlazimisha kustaafu, na Texas ikamwajiri akiwa na miaka 64. Mwaka 1997, akiwa karibu na miaka 75, yeye na wenzake walichapisha kazi juu ya fosfati ya chuma na lithiamu, ambayo leo ndiyo kathodi ya betri nyingi za sola ninazozifunga majumbani hapa Tanga. Kwetu maprofesa na wahadhiri waandamizi wa umma wanastaafu kwa lazima wakiwa na miaka 65. Sisemi sheria ibadilishwe kwa ajili ya fani moja. Ninasema kwamba profesa Mtanzania aliyeko ughaibuni na anayekaribia kustaafu ni mtu wa kutafutwa kwa makusudi, kwa mkataba, pamoja na kijana atakayerithi maabara.

Neno “pamoja” nimeliweka kwa kukusudia, kwa kuwa Texas haikupata mtu mmoja mwaka ule. Arumugam Manthiram, aliyezaliwa katika kijiji cha Tamil Nadu nchini India na kusomea uzamivu Madras, alikuwa akifanya utafiti na Goodenough huko Oxford, akahamia naye Austin mwaka huohuo wa 1986. Akabaki, akawa profesa, akalea watafiti wake mwenyewe, na mwaka 2019 yeye ndiye aliyesoma mhadhara wa Nobel kwa niaba ya mzee wake. Kamati inayoajiri mtu mmoja kuanzisha utafiti wa betri, bila msaidizi, bila fundi wa maabara, huku ikimpangia masomo manne kila muhula, imemwajiri mwalimu wa darasani. Ualimu wa darasani ni kazi ya heshima, nami nimeifanya, lakini haiwezi kuitwa utafiti.

Sasa nifike kwenye maabara, mahali ambapo mazungumzo ya kamati yetu yalikuwa mafupi kuliko yote, ilhali hapo ndipo mwombaji mzuri huamua kuja au kutokuja. Mtu anayetengeneza seli za lithiamu anahitaji kabati lililozibwa, lenye mikono ya glavu, lililojaa gesi ya agoni, ambamo unyevu na oksijeni haviruhusiwi kufikia hata sehemu moja katika milioni. Sababu ni chumvi inayotumika zaidi katika elektroliti: ikikutana na maji hutoa asidi ya floridi ya haidrojeni, ambayo hula seli kutoka ndani na ni hatari kwa binadamu. Kabati hilo linaweza kununuliwa kwa fedha za mradi mmoja. Kuliendesha ni habari nyingine. Mitungi ya agoni lazima ifike kwa ratiba, glavu hutoboka, pampu huhitaji matengenezo, na hewa ya pwani, hasa miezi ya masika, haimsamehe mtu aliyezembea. Kemikali nazo zinahitaji vibali vya Mkemia Mkuu wa Serikali, na elektroliti inayowaka moto haisafirishwi kama kifurushi cha vitabu. Mtafiti akiambiwa mambo haya atayashughulikia mwenyewe, miaka yake miwili ya mwanzo itaishia kwenye barua na foleni za ofisini.

Vipo pia vifaa vya kuchaji na kumaliza chaji ya seli kwa kurudiarudia huku vikirekodi mkondo na volti. Hivi ndivyo moyo wa kazi yenyewe. Seli ikichajiwa kwa saa 10 na kumalizwa kwa saa 10, mzunguko mmoja ni saa 20. Ikiharakishwa hadi saa moja ya kuchaji na saa moja ya kumaliza, mizunguko 1,000 ni saa 2,000, yaani zaidi ya siku 83 bila kusimama. Umeme ukikatika siku ya 70, jaribio linakatika nalo, na seli iliyopumzika bila mpangilio haiwezi kulinganishwa na ile ambayo haikupumzika. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mwombaji makini atauliza kwenye usaili ni kama chumba hicho kina umeme wa akiba na kipoza joto kinachofanya kazi sikukuu na likizo. Katika kamati yetu swali hilo liliulizwa kweli, na mwombaji mmoja. Hapakuwa na aliyeweza kumjibu, kwa kuwa chumba chenyewe kilikuwa hakijapangwa.

Kwa mtazamo wangu, kutokana na ugumu huo, chuo cha Tanzania kinachoanza leo kisianze na kabati la agoni. Kianze na vipimo. Jeff Dahn, mtafiti wa betri, alitoka kwenye kampuni ya betri, akafundisha, kisha mwaka 1996 akahamia Chuo Kikuu cha Dalhousie huko Halifax, mji wa bandari ulio pembezoni mwa Kanada. Kundi lake lilijulikana duniani kwa kupima kwa usahihi mkubwa kiasi cha chaji kinachoingia na kutoka kwenye seli, kiasi kwamba dalili za uchakavu ziliweza kuonekana katika wiki chache badala ya kusubiri miaka, na mwaka 2016 lilianza ushirikiano na Tesla, kampuni ya magari ya umeme. Vifaa vya namna hiyo vinahitaji uvumilivu na nidhamu kuliko vinavyohitaji jengo la kifahari. Mhadhiri wa kwanza wa betri katika pwani ya Tanzania angeweza kuanza na seli zilizokwisha kutengenezwa, mpya na zilizokwisha kutumika, azipime katika joto letu halisi, aandike zipi zinadumu, zipi zinavimba, na fundi wa Ngamiani atumie kipimo gani kabla ya kuunga pakiti ambayo kesho itawaka moto chini ya kitanda cha mtu. Utafiti huo ungechapishwa katika jarida lolote zuri, na ungeokoa nyumba za watu.

Baada ya hapo ndipo zije malighafi, na hapo Tanzania ina hoja nzito ya kumvuta mtafiti. Tuna kinywe (grafiti) Mahenge na Ruangwa, na nikeli Kabanga. Kinywe ndicho anodi, yaani upande hasi, ya betri nyingi za lithiamu, na aliyeonyesha kwamba lithiamu inaweza kuingia na kutoka ndani yake kwa njia ya umemekemikali ni Rachid Yazami, Mmoroko, akiwa Grenoble, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kati ya kinywe cha mgodini na anodi kuna hatua nyingi: kukisafisha hadi kifikie usafi wa asilimia 99.95, kukiviringisha kiwe punje za mviringo, kukipaka kaboni. Sehemu kubwa ya thamani iko katika hatua hizo, na zinahitaji wahandisi wa kemikali waliolelewa na mtu anayezijua. Kwa Tanga kuna pia mkonge. Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na mabaki mengi hutupwa, ingawa pale Hale yaliwahi kutumika kuzalisha biogesi ya umeme. Kaboni ngumu, inayotumika kama anodi ya betri za sodiamu, hutengenezwa kwa kuchoma mimea bila oksijeni katika joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Je, mabaki ya mkonge yanafaa kwa kazi hiyo kwa gharama inayolipa? Swali hili ni la mtu mwenye maabara, na mahali pake pa asili ni mkoa huu.

Mkoa huu si mgeni wa utafiti wa namna hiyo. Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Katika vichipukizi 1,000 vilivyoanza safari vilisalia 62 tu, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa mwaka 1902 juu ya Usambara, na baadaye kazi ya mkonge ikaendelea Mlingano, wilayani Muheza. Mbegu chotara namba 11648, iliyotokana na kazi ya vituo hivyo, ilienea hadi China. Kizazi kimoja cha mmea huo huchukua miaka mingi, kwa hiyo mtu aliyeanza uzalishaji wa mbegu alijua kwamba mwingine ndiye atakayeumaliza, na kituo kilipangwa kwa kuzingatia hilo. Ajira za wahadhiri wa betri zingepangwa hivyo, kwa miaka 15, badala ya kufuata mzunguko wa mradi wa miaka mitatu unaofadhiliwa na wageni, ambao ukifungwa vifaa hufunikwa turubai.

Ufadhili wa nje si mbaya wenyewe. Mpango wa ISP (International Science Programme) wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, ulioanza mwaka 1961, umewasaidia wanafizikia na wanakemia wa nchi nyingi, wakiwamo wa Dar es Salaam, kwa utaratibu ambao mwanafunzi wa uzamivu huenda ugenini kwa vipindi, akirudi kila mara kwenye chuo chake na kwa msimamizi wake wa nyumbani. Faida yake katika ajira ni kubwa, kwa sababu chuo hakimtafuti mgeni. Kinamlea mtu wake miaka minne kabla ya kumhitaji. Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, ambayo ina shule inayounganisha elimu ya vifaa, nishati, maji na mazingira, inaonyesha pia kwamba inawezekana kuviweka pamoja vile ambavyo idara za zamani huvitenganisha. Uppsala yenyewe ina kituo kinachojulikana cha utafiti wa betri. Kijana akipelekwa huko leo kwa makubaliano ya maandishi kwamba nafasi yake, fundi wake na chumba chake vinamngoja, atarudi. Niliowaona wakikataa kurudi walikuwa wameahidiwa kwa mdomo.

Kuhusu usaili nitasema kwa ufupi. Dakika 20 za maswali mbele ya jopo hazimfunui mtafiti. Vyuo vinavyoajiri vizuri humpa mwombaji siku nzima au mbili: atoe mhadhara wa wazi, afundishe somo moja kwa wanafunzi wa mwaka wa pili, aeleze ubaoni bila slaidi jinsi atakavyotumia fedha za miaka mitano ya kwanza, akae na mafundi wa maabara. Mimi ningeongeza jambo moja: aonyeshwe seli iliyovimba na aulizwe angeishughulikia vipi. Anayeikamata bila kuuliza historia yake ameshajibu.

Mwenzi wa mwombaji ana kazi gani, na watoto watasoma wapi? Haya hayaulizwi kwenye usaili, na ni sawa yasiulizwe, lakini chuo kinapaswa kuwa na majibu yake tayari, maana familia nyingi huamua hapo.

Kama ningepewa kuliandika tangazo lile upya, ningefuta orodha ya fani na kuandika kwamba anatakiwa mtu mwenye uzamivu katika kemia, fizikia, uhandisi wa vifaa, umeme, mitambo au kemikali, ambaye kazi zake zilizochapishwa zinahusu betri. Ningeandika tatizo: uchakavu wa betri katika joto na unyevu wa pwani ya Tanzania. Ningeandika kwamba kuna nafasi mbili zinazotangazwa kwa pamoja, ya mwandamizi na ya chipukizi, na ya tatu ya fundi wa maabara mwenye cheo na mshahara unaopanda. Ningetaja idadi ya chaneli za kupimia seli zitakazokuwapo siku ya kwanza, ukubwa wa umeme wa akiba, mkataba wa agoni kama upo, na kwamba kwa miaka miwili ya mwanzo mhadhiri atafundisha somo moja kwa muhula. Kisha ningeliweka kwenye mfumo wa ajira kama sheria inavyotaka, na jioni hiyohiyo ningeanza kuwapigia simu Watanzania ninaowajua walioko Uppsala, Austin na Halifax, mmoja mmoja, kuwauliza wangehitaji nini ili waje.